Jeshi la anga la ufalme wako wa kubuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeamua kuyaweka haya mahali pamoja manake kila mara mtu ananijia na yale yale: nimebuni ufalme, nina ramani, nina bendera, nina hadi wimbo wa taifa, sasa nataka jeshi la anga, nifanyeje? Mimi sio mwanajeshi wala sijawahi kurusha ndege, ni mtu tu anayependa haya mambo na ameshabuni falme tatu nne zikafeli kabla moja haijakaa sawa. Iwe unaandika hadithi, unatengeneza gemu au unachora ramani kujifurahisha, hesabu ni zile zile.

Naanza na ndege gani?

Hauanzi na ndege. Najua ndo sehemu tamu lakini vumilia kidogo. Ufalme wangu wa kwanza ulikuwa na aina 14 za ndege, nilizichagua kwa sura tu, hii ina mabawa ya pembetatu nikaipenda nikaweka, ile ina pua ndefu nikaweka, halafu rafiki yangu akauliza swali moja: hizo spea za aina 14 zinakaa ghala gani na nani anazijua zote? Nikakosa jibu.

Anza na ramani. Unapakana na nani, huyo jirani ana nini, na kutoka mpakani hadi mji mkuu ni kilomita ngapi. Tuseme ufalme wako una upana wa kilomita 200. Jeti inayokwenda kilomita 900 kwa saa inauvuka wote kwa dakika 13 na ushei, yaani mfalme akiingia kuoga adui anavuka mpaka, akitoka kuoga adui keshatokea upande wa pili. Ufalme wa hivyo ndege ya masafa marefu utaifanyia nini? Unahitaji rada nzuri, makombora ya kutungulia ndege kutoka ardhini, na jeti chache zinazoweza kuwa hewani haraka sana. Ufalme wa visiwa vilivyotawanyika ni kinyume chake, pale utataka ndege za doria za kukaa hewani masaa mengi, ndege za mizigo, na kama hela ipo, ndege ya kujazia wenzake mafuta angani.

Swali la mwisho kabla hujagusa ndege yoyote: nani anakuuzia? Hilo tutalirudia manake ndo linaloua falme nyingi za kubuni.

Ufalme wangu ni mdogo sana, lazima uwe na ndege za kivita?

Hapana kabisa, na mifano ya kweli ipo. Bhutan ni ufalme na haina jeshi la anga, kwa mambo hayo inaitegemea India. Brunei ina jeshi la anga la kifalme lenye helikopta za Black Hawk lakini ndege vita haina. New Zealand, ambayo mfalme wake ni huyo huyo wa Uingereza, ilivunja vikosi vyake vya mashambulizi mwaka 2001, ikaacha A-4 Skyhawk zake bila mbadala, na maisha yakaendelea.

Njia nyingine ni kushirikiana. Ubelgiji na Uholanzi, falme mbili, tangu 2017 zinapokezana zamu ya kulinda anga lao pamoja na la Luxembourg. Na hao Luxembourg wenyewe wananichekesha, ni utawala mdogo wa kifalme usio na ndege vita hata moja lakini zile ndege za rada za NATO aina ya E-3, zenye sahani kubwa inayozunguka mgongoni, zimesajiliwa kwao. Kwa mwandishi hapo kuna utajiri mtupu, manake ufalme unaolindwa anga na jirani ni ufalme wenye deni, na deni ni hadithi.

Jeshi la anga linapangwaje hasa?

Msingi wa kila kitu ni kikosi, wengine wanaita skwadroni. Kikosi cha ndege vita kinakuwa na ndege kati ya 12 na 24 hivi, aina moja, kambi moja, kamanda mmoja ambaye kwa kawaida ni luteni kanali na mwenyewe bado anarusha. Ndani ya kikosi kuna makundi madogo, na angani wanakwenda wawili wawili, kiongozi na msaidizi wake, na jozi mbili zinafanya kundi la ndege nne.

Juu ya kikosi ndo watu wanachanganyikiwa na hata mimi nilichanganyikiwa. Waingereza vikosi kadhaa wanavikusanya kuwa wingi (yaani "wing" ya Kiingereza, bawa), na mawingi yanakusanywa kuwa grupu kubwa zaidi. Wamarekani wamegeuza, grupu iko chini na wingi iko juu yake. Warusi wao wana rejimenti na divisheni kama jeshi la nchi kavu. Wasweden wana flotila, na kila moja inajulikana kwa herufi F na namba yake. Chagua mtindo mmoja ubaki nao, ukichanganya msomaji anayejua atakukamata ukurasa wa pili.

Ufalme wenye ndege chini ya 60 hauhitaji ngazi nyingi. Makao makuu, kambi za anga tatu nne, vikosi ndani ya kambi, basi. Nimeona mtu ana ndege 20 na majenerali 11, sasa hao majenerali wanagawana nini, bawa moja moja?

Halafu kuna kitu karibu kila mtu anakisahau. Kambi ya anga ni mji. Ina marubani labda 30 na watu wengine mamia kwa mamia: mafundi wa injini, wa mwili wa ndege, wa umeme na vyombo, wapakia silaha, waongoza ndege, watabiri wa hali ya hewa, zimamoto, wapishi, walinzi, daktari, mtu wa kufukuza ndege wenye manyoya wasiingie kwenye injini, na mtu wa kutembea asubuhi kwenye njia ya kurukia akiokota vijiwe na skrubu. Huyo wa vijiwe msimdharau. Injini ya jeti inavuta hewa kama kichaa na skrubu moja ikiingia inakwangua mapanga ya ndani na injini nzima inashushwa. Kwenye kambi nyingi wanajipanga mstari mmoja kuanzia ukingo hadi ukingo, maafisa kwa kuruta, macho chini, wanatembea taratibu hivyo hivyo hadi mwisho. Ukitaka tukio la kufungulia hadithi yako fungulia hapo, kapteni mwenye majivuno ameinama anaokota kipande cha waya.

Kwa hiyo niwe na ndege ngapi?

Fanya hesabu kurudi nyuma. Unataka ndege mbili ziwe tayari masaa 24. Hizo mbili zinahitaji mbili za akiba, manake moja itagoma kuwaka siku mvua inanyesha, hiyo ni sheria ya maisha. Kuna ambazo ziko kwenye matengenezo makubwa, zimefunguliwa mbavu zote na hazirudi kesho wala keshokutwa. Kuna zinazofundishia marubani wapya. Kuna moja imenyofolewa spea ili nyingine ziruke, na hii moja ipo kila jeshi hata kama hawasemi. Ukijumlisha unakuta ndege 12 zinakupa labda 7 au 8 za kuruka leo, na mbili tu ndo unazoweza kuahidi bila kutetemeka. Kwa hiyo mtu akiniambia ufalme wake una ndege 6 zinazolinda mipaka yote usiku na mchana, namwambia hapana, una ndege 6 zinazofanya gwaride siku ya kuzaliwa ya mfalme.

Na marubani?

Wawe wengi kuliko ndege zako. Hesabu inayotumika sana ni rubani mmoja na nusu kwa kila ndege, maana rubani analala, anaumwa, anaenda kozi. Na lazima waruke, NATO wamezoea kutaja masaa kama 180 kwa mwaka kwa rubani wa ndege vita, chini ya hapo sana mkono unakuwa mzito.

Mafunzo yanaanzia ndege ndogo ya panga boi, kisha ya panga boi yenye nguvu kama PC-7 au PC-21, kisha jeti ya mafunzo kama Hawk, L-39 au M-346, kisha ndo anapelekwa kwenye ndege vita yenyewe, ile ya viti viwili mwalimu akiwa nyuma. Ni miaka, sio miezi. Na wengi wanaishia njiani, wanahamishiwa ndege za mizigo au helikopta, wengine kwa furaha wengine kwa kinyongo. Ufalme mdogo unaweza usiwe na shule kabisa ukawapeleka vijana wake nje, na hapo napo pana hadithi, kijana kasomeshwa na taifa ambalo miaka kumi baadaye ndo adui.

Vyeo niweke vipi?

Una njia mbili. Moja ni kutumia vyeo vya jeshi la nchi kavu, luteni, kapteni, meja, kanali, brigedia, jenerali, kama wanavyofanya Wamarekani ambao jeshi lao la anga lilijitenga na jeshi la nchi kavu tarehe 18 Septemba 1947. Nyingine ni kutunga vya kwako kama Waingereza. RAF, yaani jeshi lao la anga, ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1918 kwa kuunganisha ndege za jeshi la nchi kavu na za jeshi la majini, ikatumia vyeo vya nchi kavu kwanza, hadi Agosti 1919 ikapata vyake. Mimi nashauri vya nchi kavu, msomaji hapati shida kujua nani mkubwa wa nani.

Ila jiulize ufalme wako jeshi la anga ulilipata lini na lilitoka tumboni mwa nani. Likiwa limenyofolewa jeshi la nchi kavu juzi tu, majenerali wa nchi kavu bado wana donge, na bajeti itapigwa vita kuliko adui.

Haya sasa, ndege. Ipi nzuri?

Nzuri kwa nani? Nizipitie chache ninazoulizwa sana.

F-16 ndo chaguo la watu wengi na falme nyingi za kweli wanayo au waliwahi kuwa nayo: Jordan, Morocco, Thailand, Bahrain, Denmark, Norway, Uholanzi, Ubelgiji. Ina injini moja, imetengenezwa kwa maelfu, spea zipo, walimu wapo. Na ina kisa nakipenda. Tarehe 20 Januari 1974 ile ya majaribio haikutakiwa hata kuruka, rubani Phil Oestricher alikuwa anaikimbiza tu chini kwenye njia, ikaanza kuyumba kushoto kulia hadi bawa na mkia vikagusa chini, akaona heri airushe kuliko kuivunja, akazunguka nayo dakika chache akatua salama. Ruko rasmi la kwanza lilikuja Februari 2, lakini ndege yenyewe ilishajiamulia.

Gripen ni ya Sweden, ufalme pia, na kwa ufalme mdogo wenye jirani mkubwa naona ndo darasa zuri kuliko zote. Wasweden walijua vita ikianza viwanja vyao vinapigwa asubuhi ya kwanza, kwa hiyo wakapanga kutawanya ndege kwenye barabara za kawaida msituni, kipande cha mita 800 kinatosha, fundi mmoja na vijana watano wa mujibu wa sheria wanaijaza mafuta na makombora kwa dakika kumi hivi inarudi hewani. Hapo ndege na mpangilio wa jeshi vimezaliwa pamoja, huwezi kukopa ndege ukaacha mpangilio.

F-35 ni ya wenye hela na marafiki. Norway imenunua 52, na zake zina kitu cha ziada, parachuti ya kufungia breki nyuma kwa sababu njia zao zinaganda barafu. Detali kama hiyo ndo inafanya jeshi la kubuni lionekane la kweli, ufalme wako una baridi, joto, vumbi au chumvi ya bahari, na ndege zako zimebadilishwa nini kwa ajili hiyo?

MiG-21 kama unataka jeshi maskini au la zamani kidogo, zimetengenezwa zaidi ya 10,000, ina mbio, masafa mafupi, na rubani haoni vizuri nje. Rafale na Typhoon ni injini mbili na bei yake unaijua. Sukhoi za familia ya Su-27 ni kubwa, zina mafuta mengi, zinapendeza kwenye maonyesho, zinakula spea.

Kwa mizigo usijisumbue kutafuta sana, weka C-130. Iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Agosti 1954 na hadi sasa wanatengeneza mpya, inatua kwenye vumbi, inabeba askari, ng'ombe, mahema ya mafuriko na jeneza la mfalme siku ikifika. Jeshi la kubuni lisilo na ndege za mizigo silielewi kabisa, na nayaona mengi.

Naweza kuchanganya za Marekani na za Urusi?

Unaweza, Malaysia wamefanya na ni nchi ya kifalme. Wana F/A-18 za Marekani na Su-30 za Urusi, na kabla walikuwa na MiG-29. Faida yake hakuna anayeweza kukufungia bomba moja ukakauka. Hasara yake mwaka 2018 waziri wao wa ulinzi aliiambia bunge kwamba kati ya Su-30 18 zinazoweza kuruka ni 4 tu. Maghala mawili, lugha mbili za vitabu vya mafundi, vipimo viwili vya spana, makombora ya huyu hayafungi kwenye ndege ya yule. Ukitaka kuchanganya changanya, ila umasikini wa hangani uonekane kwenye hadithi.

Muuzaji akinigeuka inakuwaje?

Iran ndo mfano wa kuusoma mara mbili. Ilikuwa na Shah, yaani mfalme wao, jeshi la anga lake linaitwa la kifalme, na Shah mwenyewe rubani, mpenda ndege hasa. Aliagiza F-14 80 kutoka Marekani, zikafika 79, mwaka 1979 mapinduzi yakaja na bomba likafungwa. Walewale mafundi wakabaki na ndege ngumu kuliko zote za wakati huo, bila muuzaji, na kwa miaka mingi baada ya hapo waliendelea kuzirusha kwa kunyofoa hapa, kuchonga spea wenyewe pale, na nyingine kupitisha njia za vichochoroni.

Na usidhani ukinunua kwa mtu mpole umepona. Gripen za mwanzo ni za Sweden lakini injini yake inatokana na F404 ya Marekani, kwa hiyo Sweden ikitaka kukuuzia, Marekani naye lazima aseme sawa. Kwenye ufalme wangu nimeweka daftari moja la kila ndege, mwili wa nani, injini ya nani, rada ya nani, makombora ya nani. Ukiijaza hiyo utajua haraka mfalme wako anawaogopa mabalozi gani.

Rada moja mji mkuu inatosha?

Haitoshi, na sababu ni kwamba dunia ni duara. Mawimbi ya rada yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, anayeruka chini anajificha nyuma ya mzingo wa ardhi. Kuna hesabu rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha ndege, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena iko mita 10, ndege iko mita 10,000, unaiona kwenye kilomita kama 425. Ndege hiyo hiyo ikishuka mita 100 unaiona kilomita 54 tu, na kwa kilomita 900 kwa saa hizo ni dakika tatu na nusu hivi. Ndani ya hizo dakika mtu aione, aamini anachokiona, ampigie mkubwa wake, mkubwa aamue, na rubani akimbie.

Ipandishe antena kwenye kilima cha mita 900 na mjanja wako wa mita 100 unamwona kilomita 165. Kwa hiyo vilima kwenye ramani yako ni mali, na vita vingi vya ufalme wako vitapiganwa kwa ajili ya kilima kisicho na kitu juu zaidi ya kuba jeupe na jenereta. Ndo maana wenye uwezo wanairusha rada yenyewe, Thailand walipochukua Gripen walichukua na Saab 340 yenye rada mgongoni.

Zamu ya dharura ni nini?

Ni zile ndege mbili zenye silaha, marubani wamevaa tayari, wanakaa kwenye kibanda karibu na hanga wakicheza karata wakisubiri kengele. Kazi yao ya amani kubwa ni kufuata ndege ya abiria iliyonyamaza redioni na kuchungulia kuna nini ndani.

Kama unadhani ni lazima kila nchi iwe nayo masaa yote soma kisa cha Uswisi. Februari 17, 2014 ndege ya Ethiopian Airlines ilitekwa na rubani wake msaidizi mwenyewe, ikapelekwa Geneva alfajiri. Ndege za Italia zikaisindikiza, za Ufaransa zikaisindikiza, za Uswisi zilikuwa zimelala kwa sababu ilikuwa nje ya masaa ya kazi. Nchi tajiri kabisa hiyo. Baada ya hapo wakajenga zamu ya masaa 24 taratibu, wakaikamilisha mwisho wa 2020. Kwa hadithi hii ni zawadi, adui anayejua ofisi inafungwa saa ngapi.

Ufalme wangu uko milimani, helikopta zinafanya kazi?

Zinafanya kwa shida. Hewa ya juu ni nyepesi, panga halishiki vizuri, injini nayo inapumua kidogo, na siku ya joto inakuwa mbaya zaidi, helikopta inayobeba watu kumi bondeni inabeba wanne juu. Tafuta zilizotengenezwa kwa ajili hiyo kama Lama ya Ufaransa, ambayo mwaka 1972 Jean Boulet alipanda nayo hadi mita 12,442, injini ikazimika kule kule juu na akashuka panga likizunguka kwa upepo tu hadi chini salama. Kwa falme za milima helikopta ndo jeshi la anga lenyewe, mengine mapambo.

Mfalme anaruhusiwa kurusha ndege vita?

Wa kweli wamerusha. Hussein wa Jordan alikuwa rubani hasa, mwanawe Abdullah II alisomea helikopta za Cobra. Willem-Alexander wa Uholanzi mwaka 2017 ilijulikana kwamba kwa miaka 21 alikuwa anarusha ndege za abiria kama rubani msaidizi, mara kama mbili kwa mwezi, na abiria wengi hawakujua sauti ile ya kuwakaribisha ni ya nani. Kwa hiyo mfalme rubani sio uongo. Uongo ni mfalme kuongoza shambulio la kwanza huku mrithi ana miaka mitatu, hapo baraza la mawaziri lingefunga hanga.

Kikosi cha kumbeba mfalme ni kitu kingine, Waingereza walikianzisha rasmi mwaka 1936. Kwako kinaweza kuwa ndege mbili na helikopta mbili. Usiwape marubani bora wa vita, wape wale watulivu.

Lazima jina liwe na neno kifalme? Na alama je?

Sio lazima, Sweden wenyewe wanaita tu Flygvapnet, tangu 1926. Ila ukiliweka jiulize kiapo wanakula kwa nani, kwa mfalme, kwa katiba, au kwa vyote, manake siku ya mapinduzi hilo swali linakuwa la risasi.

Alama ya kwenye bawa ifanye rahisi kuonekana kwa mbali na isifanane na ya adui. Mwaka 1942 Wamarekani waliondoa duara jekundu katikati ya nyota yao, na Waingereza wa Asia wakaondoa jekundu lao, kwa sababu marubani wao walikuwa wanafananishwa na Wajapani wenye duara jekundu. Sweden wana taji tatu za njano, Australia kangaruu, Kanada jani. New Zealand wameweka kiwi, ndege asiyeruka, na wamekaa naye hivyo hivyo kwa fahari.

Hadithi yangu ni ya miaka ya 1930 na 40, haya yote yanabadilika?

Ndege zinabadilika, akili ni ile ile. Spitfire iliruka mara ya kwanza Machi 5, 1936 na wote tunaipenda, lakini mwaka 1940 kilichowaokoa Waingereza sana ni mpango wa Dowding, mkuu wa ndege vita zao: minara ya rada pwani, watazamaji wenye darubini bara, simu zote zinaingia chumba kimoja cha kuchuja taarifa, kisha kwa magrupu na masekta, wasichana wakisogeza vibao mezani kwa vijiti, na anayeamua anaona meza nzima. Mjerumani aliyekuwa na ndege nyingi hakuwa na meza hiyo. Ufalme wako wa enzi hizo upe simu kabla ya kuupa ndege za ziada.

Droni?

Weka. Za kuchungulia mpaka ni rahisi kuliko kuchosha jeti, na rubani wake akichoka anampisha mwenzake kiti. Zinahitaji mafundi pia, na mawasiliano ambayo adui anaweza kuyavuruga.

Majoka je?

Naulizwa kweli. Joka ni ndege yenye njaa. Anakula kiasi gani, anapumzika siku ngapi baada ya kuruka, anayemtibu ni nani na mtoto wake anakua kwa miaka mingapi? Jibu hayo halafu rudi kwenye swali la ndege ngapi, hesabu haibadiliki.

Hebu tuonyeshe wa kwako umekaaje

Ufalme wangu una milima kaskazini, pwani fupi kusini, jirani mkubwa magharibi. Ndege vita ni Gripen 24 tu, vikosi viwili vya 12. Jeti za mafunzo 8, panga boi za mafunzo 14. C-130 nne, ambazo tatu zinaruka. Helikopta 20, nyingi kaskazini. Rada tano, tatu vilimani, moja pwani, moja juu ya lori inahamahama. Kambi tatu na vipande tisa vya barabara vyenye matenki ya mafuta yaliyofukiwa pembeni, watu wa vijiji vya karibu wanajua, hawasemi. Mkuu wa jeshi ni meja jenerali, na ndo jenerali peke yake, hana mwenzake wa kugombana naye. Ile C-130 ya nne imesimama nyuma ya hanga mwaka wa sita, haina injini mbili, magurudumu yamezama kwenye nyasi, na fundi mkuu kila Jumatatu anaizunguka akiwa na orodha mkononi kuangalia kilichobaki cha kunyofoa.